Daftari Lisilokaguliwa

SWALI

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa Darasa la Tatu katika shule moja ya msingi mkoa wa Pwani, mwaka wangu wa tisa kazini. Darasani nina watoto 138. Madawati ni 31, wanabanana wanne wanne, na 14 wanakaa sakafuni. Sisemi haya kulalamika. Kila mwalimu ninayemfahamu ana ya kwake.

Mwezi wa pili tuliitwa semina ya siku moja kuhusu afya ya akili kwa walimu. Mwezeshaji alikuwa dada mchangamfu sana. Alitugawia kila mmoja daftari zuri la jalada gumu na kalamu za rangi, akasema kila jioni tuandike mambo matatu tunayoyashukuru, na tukipenda tuchore maua pembeni. Nikafuata. Siku ya kwanza niliandika: uzima, mwanangu, mvua. Siku ya pili: uzima, mwanangu, mshahara umeingia. Kufikia wiki ya pili nilikuwa naandika: uzima, mwanangu, uzima. Nikajiona naongopa kwenye daftari ambalo hakuna hata anayenilazimisha kulijaza.

Basi siku moja nikaandika ukweli. Niliandika kwamba nimechoka hata kuitwa mwalimu, na kwamba asubuhi ile nilitamani gari liharibike njiani nisifike. Daftari nikaliacha kwenye droo ofisini. Mwalimu mwenzangu alilifungua akitafuta chaki, akausoma ukurasa ule kwa sauti mbele ya wenzetu huku akiibana sauti yake iwe ya kike. Watu wakacheka. Akasema mtu mzima na akili zake anaandika dayari kama binti wa form two. Mama, na mimi nilicheka nao. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yeye kusoma.

Kuna jambo lingine sijamwambia mtu. Wiki tatu zilizopita nilikuwa zamu. Mtoto wangu mdogo alikuwa na homa, nilikuwa sijalala. Darasani nina kijana mmoja anakaa sakafuni chini ya dirisha, anasinzia kila siku. Siku hiyo nilimwita ubaoni mara tatu. Mara ya tatu akainuka na usingizi wake, akakanyaga daftari la mwenzake, darasa zima likaangua kicheko. Nikampiga kofi. Lilikuwa kofi la hasira, sitaki kulipamba. Hakulia. Alinitazama, akainama, akalifuta lile daftari alama ya unyayo kwa kiganja chake, akarudi kukaa.

Siku chache baadaye bibi yake alikuja shuleni kuleta nakala ya cheti cha kuzaliwa. Katika mazungumzo akasema mjukuu wake ana moyo, anaamka naye saa kumi usiku kumsaidia kukata maandazi ya kuuza. Kumbe. Kuhusu kofi hakujua lolote. Mtoto hakusema nyumbani.

Tangu hapo nikishika daftari kalamu inagoma. Naandika tarehe, naishia hapo. Usiku naamka saa nane, usingizi haurudi mpaka adhana. Naomba unishauri: niendelee na mambo haya ya kuandika, au ni starehe ya watu wenye nafasi? Na hivi kweli daftari linaweza kumsaidia mwenye watoto 138?

Mwalimu wa Darasa la Tatu, Pwani


JIBU

Marahaba mwanangu.

Tuanze na mtoto. Daftari halina haraka.

Mwombe radhi, na umwombe darasani. Ulimpiga mbele ya watoto 137, usiende kumwomba radhi uchochoroni kama mtu anayelipa deni la aibu. Maneno machache yanatosha: siku ile nilikupiga, nilikosea, nisamehe. Usiongeze "lakini na wewe ulikuwa unasinzia." Halafu endelea na somo, usimfanye awe tamasha. Unajua kama ninavyojua kwamba kanuni za viboko za 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, na zinaishia fimbo nne zenye kuandikwa kitabuni. Kofi halimo. Nakutajia ili usije ukajiliwaza kwamba ni kawaida ya kazi. Na bibi naye mwite, umweleze mwenyewe kabla hajasikia kwa jirani. Utaona aibu. Huyo bibi anaamka saa kumi usiku, uchovu anaujua.

Naanza na hili kwa sababu nimewahi kuona watu wakiligeuza daftari kuwa kitubio. Mtu anakosa mchana, usiku anajiandikia kurasa tatu za majuto, anajisamehe mwenyewe, analala. Aliyekosewa hana habari. Yako isiwe hivyo.

Sasa kalamu yako.

Hebu hesabu unaandika nini kwa wiki. Azimio la kazi, andalio la somo, shajara la somo, daftari la mahudhurio, na ukiwa zamu kitabu cha zamu. Vyote hivyo kuna mtu atavipitia: mwalimu wa taaluma, mwalimu mkuu, Afisa Elimu Kata, mthibiti ubora siku akishuka kwenye gari bila taarifa. Mwalimu anaandika kuliko karani, na hakuna sentensi yake hata moja isiyosubiri tiki ya mtu mwingine. Ukizoea miaka tisa, mkono unajifunza kuandika kile kinachotakiwa kuonekana. Ndiyo maana ulipopewa daftari la shukrani ulilijaza kama andalio la somo: tarehe, lengo, shughuli, tathmini. Uzima, mwanangu, uzima. Umemwandikia mkaguzi ambaye hayupo.

Yule dada wa semina simlaumu, na kushukuru si jambo baya. Ila shukrani ya kuagizwa, ya mambo matatu kila jioni, kwa mtu ambaye ametoka kusahihisha madaftari 138, inakuwa kazi ya nyumbani nyingine.

Kwa hiyo lile daftari zuri la jalada gumu, andikia hesabu za kikoba. Nunua daftari la kawaida, lile lile jembamba wanaloandikia watoto wako. Huwezi kuliogopa. Usiandike tarehe, wala usipige mstari wa pambizo. Mwandiko uwe mbaya. Ukikosea, acha kosa lilivyo.

Umeniuliza kama ni mambo ya wenye nafasi. Mwaka 1986, mwaka huohuo mimi niliposhika chaki mara ya kwanza, Mmarekani mmoja mtaalamu wa saikolojia, James Pennebaker, alichapisha pamoja na mwenzake Sandra Beall utafiti kuhusu jambo hili. Waliwakalisha wanafunzi wa chuo kikuu dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida tu yasiyo na uzito. Wengine waliandika lile lililowaumiza maishani. Kati ya hawa, walioweka na hisia zao walitoka na nyuso zimewashuka, wakiwa na huzuni kuliko walivyoingia. Lakini miezi iliyofuata, wale walioandika tukio lenyewe pamoja na walivyojisikia walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Walioandika tukio bila hisia hawakupata nafuu hiyo. Unaona hapo? Dakika 15 kwa siku nne. Hakuna aliyewaambia wafanye kila jioni mpaka wastaafu. Wewe pia fanya siku nne, kisha uliweke hata mwezi. Na siku ya kwanza ukijisikia vibaya zaidi usishtuke, ndivyo inavyokuwa.

Huyohuyo Pennebaker, miaka mingi baadaye, alirudi kuyachungulia maneno yenyewe ambayo watu waliyaandika. Akagundua kwamba waliopata nafuu zaidi ni wale waliokuwa wakibadilisha nafsi: leo "mimi", kesho "yeye". Nilipolisoma hili nilicheka peke yangu, kwa sababu Kiswahili kimetupa njia hiyo bure, na tumeifundisha miaka yote ubaoni bila kujua ni dawa. Viambishi, mwanangu.

Andika: Nimempiga.

Kalamu inagoma hapo, sawa. Usiendelee. Kesho yake andika hivi: Amempiga. Sasa ni habari ya mwalimu fulani, mama wa mtoto mwenye homa, aliyetoka nyumbani giza halijapasuka. Mwandike kama unavyomwona mlangoni mwa darasa. Alivaa nini? Mkononi alikuwa na nini? Nani alimsalimia asubuhi ile, na aliitikiaje?

Siku ya tatu: Amenipiga. Hapo umekaa sakafuni chini ya dirisha. Vidole vyako vinanuka mafuta ya kukaangia. Unamtazama mwalimu kutoka chini, unaona viatu kwanza. Andika robo saa bila kunyanyua mkono, kwa Kiswahili cha mtoto wa miaka tisa. Hii ndiyo siku ngumu, na nakuonya: usiifanye usiku ukiwa peke yako. Ifanye mchana, kuna watu nyumbani, baada yake uwe na kitu cha kufanya kwa mikono. Mimi huwa nachambua mchele.

Siku ya nne rudi: Nimempiga. Utakuta mstari wa pili unakuja wenyewe.

Wakati mwingine jambo si zito kiasi hicho, ni wiki tu imekuelemea. Hapo usiandike insha, tengeneza kanga. Chora mstatili ukurasa mzima. Pembeni ni pindo, katikati ni mji, chini ya mji ndipo jina linapokaa. Jiulize: wiki hii ingekuwa kanga, ingeandikwaje? Nina moja niliyoichora mwaka ambao chai ya walimu ilikatwa, na siku hizohizo mwalimu mkuu wetu alianzisha vikao vya kila asubuhi. Pindo nililijaza vipande vya chaki. Katikati birika limepinduliwa, chini halina hata tone. Jina lake: KENGELE MWAIGONGA NYINYI, KICHWA CHANIUMA MIMI. Sikuwahi kumwonyesha mtu, lakini asubuhi iliyofuata niliingia kikaoni nikiwa nimejifunga kanga yangu kwa siri, nikamsikiliza mwalimu mkuu kwa utulivu ambao yeye alidhani ni nidhamu.

Uzuri wa jina la kanga ni kwamba halikubali maneno mengi. Lazima uamue hasa kinachokuuma ni kipi, katika mambo ishirini. Na likishapata mizani, kero inakuwa na umbo, unaweza kuikunja. Siku za mvua nyingi ilipokuwa haiwezekani kufundisha kwa kelele za bati, niliwahi kuandika na ngonjera kati ya Mwalimu na Uchovu. Mwalimu alishindwa ubeti wa tatu. Sisi tunawafundisha watoto ngonjera za kumkaribisha mgeni rasmi, tunasahau kwamba ni majibizano, na kwamba hata anayekutesa una haki ya kumpa zamu ya kusema.

Yule aliyekusoma ofisini akaibana sauti: mwambie mara moja, mkiwa wawili, kwamba alichofanya kilikuumiza na kisirudiwe. Halafu achana naye. Kama anadhani kuandika ya moyoni ni mambo ya mabinti wa form two, mkumbushe Shaaban Robert, mtu mzima, karani wa forodha, alipofiwa na mkewe Amina alikaa akamtungia shairi, na mpaka leo tunalisomesha. Na wewe kucheka nao kusikutese. Ulikuwa peke yako katikati ya ofisi nzima, ulijisitiri kwa kilichokuwa karibu.

Lakini daftari lisirudi shuleni. Kwanza kwa ajili yako, pili kwa ajili ya watoto. Usiandike jina la mtoto humo, wala la bibi yake, wala kijiji. Wape majina ya miti: huyu Mkwaju, yule Mwembe. Ukurasa ukiwa mzito kuuweka ndani ya nyumba, uchane, utie kwenye jiko la mkaa kabla hujabandika chai. Faida umeshaipata ulipokuwa unaandika, karatasi ni ganda tu.

Swali lako la mwisho ndilo la maana kuliko yote, nami nisingependa ulipewe jibu la semina. Hapana, daftari halimsaidii mtu kufundisha watoto 138. Uwiano tunaoambiwa kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Wewe umebeba madarasa matatu na mabaki. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 watoto waliokuwa majumbani wamekuja shule, na wamefanya vizuri kuja, ila kuta hazikusogea. Mtu akikupa kalamu za rangi akakwambia tatizo ni namna unavyolitazama, mrudishie kalamu zake.

Kitu ambacho daftari linaweza ni kukusaidia kutenganisha. Gawa ukurasa kwa mstari katikati, huku LANGU, huku SI LANGU. Kofi ni lako. Watoto 14 sakafuni si lako. Kuamka kwa hasira ni lako kidogo, homa ya mtoto si yako. Walimu wengi wazuri ninaowajua waliharibika kwa sababu walibeba upande wa pili kama vile ni wa kwanza, wakajiona wavivu, wakajiona hawana wito, kisha wakamalizia hasira kwa aliye mdogo kuliko wote.

Upande wa SI LANGU usiuache ndani ya daftari ukaoza. Unakili kwenye karatasi safi, huu sasa ni mwandiko wa kukaguliwa, na tarehe iwepo: watoto 138, madawati 31, mwalimu 1. Peleka kwa mwalimu mkuu, nakala kwa mwakilishi wa Chama cha Walimu (CWT) hapo shuleni, na uombe iingie kwenye muhtasari wa kikao. Haitaleta walimu wawili Jumatatu, najua. Omba vinavyowezekana sasa: darasa ligawanywe asubuhi na mchana, au mwalimu wa kujitolea. Na wakati unasubiri, acha kusahihisha madaftari yote kila siku. Dakika moja kwa daftari ni saa mbili na dakika 18, na dakika moja yenyewe ni ya kuweka tiki bila kusoma. Gawa watoto mafungu matatu ya 46. Kila siku fungu moja unalisahihisha kwa kulisoma kweli, mengine wanabadilishana wenyewe kwa majibu ya ubaoni. Mwalimu wa taaluma akihoji, mwonyeshe hesabu.

Umeniandikia kitu ukakipita haraka: unaamka saa nane usiku na hulali tena mpaka adhana, na ulitamani gari liharibike. Kama usingizi umekatika hivyo zaidi ya wiki mbili, au kama kuna siku ile tamaa ya gari kuharibika inageuka kuwa tamaa ya wewe kutoamka, usiandike hata mstari. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, mwambie daktari neno kwa neno kama ulivyoniambia mimi, uombe kuonana na wa afya ya akili. Mwambie na mtu mmoja nyumbani kabla hujalala leo. Ruhusa ya matibabu ni haki yako kama ya mwenye malaria.

Kijana wako wa dirishani, ukishamwomba radhi, mtoe pale. Jua la saa nne linampiga usoni, nani asingesinzia? Mweke mbele karibu na mlango anapopata upepo, hata kama ni kwa kumbana mtu dawatini. Zungumza na bibi kama maandazi yanaweza kukatwa jioni yakalala kwenye sinia hadi asubuhi, na mwalimu wa malezi asikie habari hizi. Robo saa yako ya kwanza na daftari ianze baada ya hayo, si kabla.